SOMO LA AFYA: UGONJWA WA MOYO UNAPOFUATA UKOO

Habari kama hii tumeisikia. Baba yuko shambani, anashika kifua, anaanguka, anafariki. Hajatimiza hata miaka 50. Baadaye mwanawe naye anakufa vilevile. Watu wananong'ona, "Hawa wamerogwa." Ndugu wanaanza kuchukiana. Leo tujifunze sababu moja ambayo si uchawi.

Mishipa huzibaje?

Mishipa ya damu ni kama mabomba ya maji. Katika damu mna kitu cha jamii ya mafuta kiitwacho kolesteroli. Mwili unaihitaji. Lakini ikizidi, inajipenyeza kwenye kuta za mishipa kidogo kidogo, na njia inakuwa nyembamba. Njia ikiziba, moyo unakosa damu.

Ini ndilo linaloondoa kolesteroli katika damu. Lina milango midogo sana ya kuipokea. Wataalamu wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, waliigundua milango hiyo. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Tunarithi nini?

Maagizo ya kutengeneza milango hiyo yamo katika jeni. Kila mtu hupata jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Moja ikiwa na kasoro, milango inayofanya kazi hupungua karibu nusu. Basi kolesteroli huzidi tangu utotoni, hata kwa mtu mwembamba anayelima kila siku. Duniani, karibu mtu 1 kati ya 250 ana kasoro ya namna hii.

Mzazi mwenye kasoro huweza kumrithisha mtoto yeyote, wa kiume au wa kike. Ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi.

Tufanye nini?

Kurithi si kufa. Kama mzazi, kaka au dada aliugua moyo kabla ya uzee, twende hospitali tukapimwe kolesteroli. Tuwapeleke na watoto. Tukiona uvimbe mgumu nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, tumwonyeshe mganga. Dawa zipo, ziitwazo statini. Humezwa kila siku, siyo siku ya maumivu tu. Tena tuache sigara, tupunguze mafuta ya wanyama.

Tusitafute mchawi. Tutafute kipimo.

Maswali
1. Ini linafanya kazi gani juu ya kolesteroli?
2. Kwa nini mtu mwembamba naye apimwe?
3. Katika ukoo wako, nani aliugua moyo mapema? Nani apimwe sasa?