Kamba, Kijiko na Saa

Tafuta kamba isiyovutika. Vua viatu, simama wima ukutani, mwombe mwenzako akate kipande kilicho sawa na urefu wako, kisha ukikunje katikati. Kizungushe tumboni, karibu na kitovu, ukiwa umetoa pumzi kama kawaida. Usibane tumbo, hakuna anayekupigia makofi. Ncha zikikutana na kupitana, uko vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yameanza kuzidi.

Mafuta hayo ndiyo yenye maneno. Yale ya mapajani au makalioni hayana makali hivyo, lakini yanayozunguka ini na kongosho huvuruga kazi ya insulini, kemikali inayoruhusu sukari itoke kwenye damu na kuingia kwenye seli. Seli zikiwa sugu, kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, na baada ya miaka ya kukimbizwa hivyo huzidiwa. Sukari ikibaki kwenye damu, hicho ni kisukari cha aina ya pili. Aina ya kwanza ni habari nyingine kabisa: kinga ya mwili yenyewe hushambulia kongosho. Kwa hiyo mwanafunzi mwenzako anayejichoma sindano ya insulini usimwambie alizidisha pipi.

Sasa chukua kijiko cha chai. Kikisawazishwa, kinabeba kama gramu 4 za sukari. Soma kibandiko cha soda ya kola: mara nyingi utakuta gramu 10 au 11 kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina karibu vijiko tisa. Usiniamini mimi, pima vijiko tisa kwenye maji ya kiasi hicho, koroga, uonje yakiwa ya vuguvugu. Huenda usimalize funda la pili. Ubaridi na gesi ndivyo vinavyotudanganya ulimi. Na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na akibaki chini ya 25 ni bora zaidi.

Kuacha soda yote Jumatatu asubuhi ni ahadi inayokufa Jumatano. Anza na ile unayokunywa kwa mazoea, ya mapumziko ya saa nne, ile ya sherehe ibaki kwanza. Kwenye chai punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi hautashtuka. Embe ulile lenyewe badala ya juisi yake iliyotiwa sukari. Hela ya soda inatosha ndizi na karanga, na njaa itachelewa kurudi.

Kwenye chipsi, mdhibiti muuzaji. Yule hulinyanyua kopo la chumvi kabla hujasema lolote, kwa hiyo wahi: "Usitie, nitajitilia." Kiwango cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, haijai kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuingia kwenye mboga nyumbani. Mahindi ya kuchoma nayo yanapendeza kwa ndimu na pilipili tu.

Chumvi inatuleta kwenye presha. Kwetu neno hilo lilitajwa kama jina la mjomba: kila mtu alimjua, hakuna aliyemuuliza maswali. Ukoo ni kihatarishi usichoweza kukibadili. Chumvi, uzito, tumbaku, pombe na tabia bwete unaweza. Kwa kuwa presha haiumi, siku bibi akienda kliniki mfuate, uombe nawe upimwe. Kaa umetulia dakika tano kwanza, si moja kwa moja kutoka uwanjani. Kuanzia miaka 13, chini ya 120/80 ni kawaida. Ikifika 130/80 au zaidi, usitishike kwa kipimo kimoja, lakini rudi upimwe tena.

Kuhusu sigara sina mengi. Nikotini huukamata upesi ubongo unaokua kuliko wa mtu mzima, na maji ya shisha hayachuji sumu. Yanapoza moshi tu.

Imebaki saa. Mwili wako unataka wastani wa dakika 60 za kuhema kila siku, na si lazima ziwe za mfululizo wala za kulipia. Rede, kuruka kamba, mpira wa makaratasi, kutembea kwa haraka hadi kituoni badala ya kupanda bodaboda: zote zinahesabiwa. Usingizi unatakiwa saa 8 hadi 10. Kama daladala inakuamsha saa kumi na nusu alfajiri, saa mbili na nusu usiku uwe umelala, na simu ichajiwe sebuleni. Najua hiyo ndiyo ngumu kuliko soda.

Ncha za kamba zikiwa hazikukutana, usijinyime chakula; bado unakua, na kushinda njaa mchana huishia kwenye sahani mbili usiku. Punguza vya kukaanga na vya sukari, ongeza mwendo, na ukiwa na wasiwasi mwone mhudumu wa afya. Kamba iandikie tarehe, itunze kwenye daftari, upime tena baada ya miezi mitatu. Huenda ukahitaji kukata nyingine, maana hiyo itakuwa fupi kuliko wewe.