Dondoo muhimu: Dirisha na amri iliyo nyuma yake

Atumiaye programu ya K3b kuchoma CD au DVD katika Linux yampasa afahamu kwamba dirisha lake si mtendaji, bali ni tarishi apelekaye amri kwa programu kama cdrecord na growisofs, ambazo ndizo zishikazo kazi yenyewe; kwa hiyo kazi ikiharibika, usiridhike na ujumbe mfupi wa kosa, bali fungua taarifa kamili ya utatuzi, uisome amri ilivyotumwa, herufi kwa herufi, maana aghalabu sababu imo humo: pengine speed=48 kwa diski isiyohimili kasi hiyo. Tena, faili la ISO unalolichoma lisizidi megabaiti 700 kwa CD ya kawaida. Na kile kisanduku cha kuthibitisha data iliyoandikwa, nakusihi, usiache kukitia alama hata ukiwa na haraka.