Kabla Hujalipia Kadi ya Dhahabu ya Bolingi

Bonasi ya majani chai huingia Oktoba, na tamaa huja nayo. Msimu huo ndipo mkazi wa Nyanchwa, mjini Kisii, hushawishika na uanachama wa daraja la juu katika klabu ya bolingi kule Nairobi: hakuna foleni, viatu hulipii, jina lako limechapwa kwenye kadi inayong'aa. Usitie sahihi kabla ya kusoma haya.

FANYA

1. Gawanya. Tuseme ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Ukienda mara 60, kila mchezo umekugharimu 1,000. Ukienda mara nne, umelipa 15,000 kila mara, na bado hujala wala hujapanda matatu.

2. Pima safari. Kutoka Kisii hadi Nairobi ni kama kilomita 300, na ukumbi kama wa Village Market uko Gigiri, nje ya katikati ya jiji. Mchezo wa saa moja utakula siku mbili.

3. Ondoa Jumamosi. Nyanchwa imekuwa kituo cha Waadventista tangu miaka ya 1910. Kama unaishika Sabato, tangu Ijumaa jua linapozama hadi kesho yake jioni huchezi. Usilipie raha ya wikendi ambayo nusu yake utakuwa kanisani.

4. Cheza kwanza kama mgeni. Lipia mchezo mmoja mmoja kwa miezi mitatu. Tufe zito hufika kilo 7.26, kiuno na kifundo cha mkono vitakuambia ukweli kabla ya karani wa mauzo.

5. Soma mkataba wote. Tenganisha ada ya kujiunga na ada ya mwaka. Uliza ipi hairudishwi, na kama uanachama hujihuisha wenyewe usipoandika barua.

USIFANYE

1. Usikope. Mkopo wa SACCO una wadhamini. Ukishindwa kulipa, akiba ya jirani aliyekudhamini ndiyo itakayokatwa kwa sababu ya pini zako.

2. Usiguse karo. Januari haisogezwi mbele kwa kuwa baba alikuwa akicheza.

3. Usipumbazwe na "wageni wawili bure". Mlangoni ni bure. Mezani watakula na kunywa, na bili itaandikwa jina lako.

4. Usinunue heshima. Klabu kongwe kama Muthaiga, iliyofunguliwa 1913, mvuto wake ni kujuana: huingii bila mwanachama wa kukupendekeza. Kwenye ukumbi wa bolingi anayelipa ndiye anayeingia, kisha kila mtu huangusha pini zake akaenda zake. Ukitafuta watu wa kukupa kandarasi, hapo umepotea njia.

5. Usidharau cha karibu. Kisii Sports Club iko papa hapa mjini. Timu ya soka ya Shabana ikicheza Uwanja wa Gusii, unalipa langoni, unashangilia, unarudi Nyanchwa kwa miguu. Wiki ijayo hudaiwi.

Ukishagawanya, ukapima, ukaondoa, na jibu bado linakuridhisha, basi lipa. Andika tarehe za kwenda kwenye kalenda ya ukutani, mwenzako wa nyumbani azione. Ukikosa tatu mfululizo, mwaka ujao usihuishe.