Akikataa Chakula, Usimzibe Pua

Wadogo zangu, leo tuzungumzie kilio cha saa ya kula. Ziko nyumba ambazo mama hushika kijiko, dada wa kazi hushika mikono ya mtoto, na pua huzibwa ili mdomo ufunguke. Nawaomba tuache. Mtoto aliyezibwa pua anaweza kupaliwa, chakula kikaingia kwenye njia ya hewa. Hata akimeza salama, kesho akiliona bakuli ataanza kulia kabla hujaketi.

Kwanza tutulize moyo. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikia kama kilo 9 anapotimiza mwaka. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 na ushei tu, kwa hiyo na njaa yake hupungua. Ndiyo maana yule aliyekuwa akimaliza bakuli la uji sasa anakula vijiko vinne na kugeuza uso. Tena kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huogopa chakula kigeni, na wengi wao hali hiyo huwapita. Kama kadi ya kliniki inaonyesha uzito unapanda vizuri na mtoto anacheza, usimhesabie matonge.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliwafundisha wazazi kugawana kazi na mtoto. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na kiliwe wapi. Mtoto anaamua ale au asile, na ale kiasi gani. Basi panga milo mitatu na vitafunwa mara mbili, na katikati yake maji tu. Anayeshinda na biskuti, soda na vikombe vya chai hawezi kuwa na njaa mchana.

Kila mlo uwe na kitu kimoja unachojua anakila, tuseme ndizi au kipande cha chapati. Kando yake weka mchicha kidogo, kama kijiko cha chai, na usiseme neno. Inaweza kuchukua mara 10, hata 15, kabla hajauonja, na wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu. Akiugusa au kuunusa, amepiga hatua. Usimwahidi soda akimaliza mboga, maana atajifunza kwamba mboga ni adhabu.

Sasa nije kwako, mama wa mtoto mwenye usonji. Huenda mwanao anakula wali mkavu, chipsi na biskuti za pakiti ileile, basi. Umeambiwa umemdekeza. Hujamdekeza. Watoto wengi wenye usonji husikia harufu, ladha na ugumu au ulaini wa chakula kwa ukali ambao sisi hatuujui. Harufu ya dagaa inaweza kumfukuza chumbani, utelezi wa mlenda ukamtapisha kweli, na mchuzi ukigusa wali wake hali tena.

Kwa hiyo mtengee sahani yake, hata kama familia inakula sinia moja, na mchuzi ukae kwenye kibakuli. Ale mahali palepale, saa zilezile. Mabadiliko yawe madogo: kama anapenda chipsi, kata viazi vinene kidogo kuliko jana, na siku nyingine uweke kipande kimoja cha kiazi kitamu pembeni. Usifiche dawa ndani ya chakula anachokiamini, kwani akigundua atakikataa na hicho.

Mtoto asiyeweza kutulia naye asilazimishwe kukaa mezani muda mrefu. Mpe kigoda cha kukanyagia miguu na uzime televisheni. Kama anatumia dawa ya methylphenidate, inaweza kumpunguzia hamu ya chakula mchana. Muulizeni daktari kama anaweza kushiba asubuhi kabla ya dawa na kula tena vizuri jioni.

Mwenye mtindio wa ubongo anayekohoa au kupaliwa kila anapolishwa, hachagui chakula. Huenda misuli yake ya kumeza ina shida. Mketishe wima na mpeleke hospitali mapema.

Mpeleke pia mtoto yeyote ambaye uzito umesimama au unashuka, viganja vimepauka, anakula udongo, au orodha ya vyakula vyake inazidi kufupika. Wamwangalie minyoo, meno, vidonda vya mdomoni, upungufu wa damu na choo kigumu. Tangu mwaka 2013 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani wanautambua rasmi ukataaji wa chakula unaodhoofisha afya, wanauita ARFID, kwa hiyo usikubali kurudishwa nyumbani na neno moja tu, "ana deko". Andika kila anachokula na kunywa kwa wiki nzima, uende na karatasi hiyo mkononi.

Na shangazi akisema dawa ni fimbo, mjibu kwa heshima: "Shangazi, tunamfundisha taratibu. Tusaidie kwa kula naye." Kisha pakua, ketini pamoja, kuleni na mzungumze mambo mengine. Muda ukiisha ondoa sahani yake bila ugomvi, hata kama hajaigusa, na mlo unaofuata umwekee tena.