SOMO LETU: JINA MOJA, MAKARATASI MATATU

Hapa Huruma ploti moja inaweza kuwa na Mkikuyu, Mjaluo na Mkamba, na hapo Eastleigh tuna majirani Wasomali. Kila kabila lina desturi yake ya kumpa mtoto jina, na desturi hizo ni nzuri. Shida huanza karani akiuliza, "Jina la ukoo ni gani?"

Tuangalie mifano.

1. Wakikuyu: Mvulana wa kwanza huitwa jina la babu, mzazi wa baba. Basi mwana wa Kamau Njoroge ni Njoroge Kamau, na mjukuu ni Kamau Njoroge tena. Babu akifariki, shamba ni la Kamau yupi?

2. Wajaluo: Aliyezaliwa usiku ni Otieno au Atieno, wa wakati wa mvua ni Okoth au Akoth. Hilo ni la mtoto mwenyewe, si la ukoo.

3. Wasomali: Abdi Hassan Ali ni Abdi, baba yake Hassan, babu yake Ali. Mke habadilishi jina akiolewa. Usidhani hawajaoana!

Mbona basi fomu zinadai jina la ukoo? Tulizirithi kwa Mwingereza, ambaye kwao jina moja hutoka kwa baba hadi watoto wote. Hata kipande walichovaa wazee wetu shingoni tangu miaka ya 1920 kiliandikwa vile karani alivyosikia.

Hasara ni kubwa. Tuseme mjane anafuata pesa za marehemu. Kitambulisho kinasema Atieno, cheti cha ndoa kinasema Mary. Anaambiwa, "Mama, rudi kesho." Nauli inaisha, na watoto wako nyumbani kwa sababu ya karo.

Tufanye nini?

- Andikisha mtoto kabla ya miezi sita kuisha. Kama alizaliwa nyumbani, mwone naibu wa chifu.
- Baba na mama wapatane mapema juu ya majina yote na herufi zake. Yawe yale yale kliniki, kwa ubatizo na shuleni.
- Soma cheti hapo hapo dirishani. Kosa la herufi moja lisikuaibishe kuuliza.
- Kama majina yameshatofautiana, kula kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba ni mtu mmoja.

Maswali ya kujadiliana:

a) Majina yako yako sawa kwa makaratasi yote?
b) Ukiaga dunia leo, watoto wataweza kuonyesha kwamba wewe ni mzazi wao?