Mjue Mti Kabla ya Kuukata

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ya fundi ni maarifa. Wengi wetu tukimaliza Kidato cha Nne tutaingia vyuo vya ufundi kusomea useremala na ujenzi, na hata yule asiyekuwa fundi atajenga nyumba siku moja. Kwa hivyo nimeonelea niwaandikie somo fupi juu ya mambo matatu: sifa za mti, madaraja yake, na mahali pa kuupata bila kumaliza msitu. Mambo haya yamefungana. Asiyejua sifa hawezi kujua daraja, na asiyejua daraja hukata mti asiouhitaji.

1. SIFA ZA MTI

(a) Uzito. Chukua kipande cha mti, kipime uzani, kisha ugawanye kwa ujazo wake. Ukipata chini ya gramu 1 kwa kila sentimita moja ya ujazo, mti huo utaelea majini. Ukizidi hapo utazama. Ubao mkavu wa saipras unaoletwa kutoka bara una karibu nusu gramu tu. Mkoko mbichi, nao, huzama, ndiyo maana wakataji huupakia mashuani. Kwa kawaida mti mzito una nguvu kuliko mwepesi, lakini huwa mgumu kupigilia msumari na hulemea kuta.

(b) Maji. Mti mbichi umejaa maji. Unapokauka hadi maji yakawa chini ya asilimia 30 hivi, huanza kusinyaa. Husinyaa upana, lakini urefu haubadiliki sana. Basi mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi utaacha mianya au utapinda, halafu fundi alaumiwe kwamba hajui kazi. Kupima maji ni rahisi, hata maabara ya shule yatosha. Tuseme kipande kibichi kina gramu 60. Kikaushe kwa joto la nyuzi 103 hadi uzani usipungue tena, na tuseme kimebaki gramu 50. Maji yaliyotoka ni gramu 10. Gawanya kwa 50, zidisha kwa 100, jibu ni asilimia 20. Angalia vizuri: tunagawanya kwa uzani wa kikavu, si wa kibichi.

(c) Kudumu. Ukikata gogo utaona kiini chenye rangi nzito katikati na weupe pembeni. Mchwa na dumuzi hupenda ule weupe. Kiini cha mbambakofi hudumu miaka mingi, na ndio mti uliochongwa milango mingi ya zamani ya pwani. Mkoko na mkandaa zina maji mekundu makali ambayo wadudu hawayapendi, na magome yake hutumiwa kutia rangi na kulainisha ngozi. Mlilana huvumilia maji ya bahari, kwa hiyo mafundi wa vyombo huutengenezea mataruma. Mvinje ni mgumu na umenyooka, lakini ukiuzika mchangani bila kinga, mchwa hawachelewi.

(d) Kasoro. Kabla ya kulipa, tazama fundo, ufa, tundu la dumuzi, ukingo uliobaki na gome, na kama ubao umepinda. Si kila fundo ni hatari. Fundo dogo kwenye rafu halina neno. Lakini fundo kubwa katikati ya boriti, upande wa chini unaovutwa na uzito, ndilo litakalovunjika kwanza.

2. MADARAJA YA MITI YETU

Ukienda yadi ya mbao utasikia "nne kwa mbili" au "sita kwa moja", yaani vipimo vya inchi. Lakini watu wa pwani walikuwa na madaraja yao kabla ya yadi hizo kuwako, na majina yenyewe ni Kiswahili safi. Hupangwa kwa unene wa mti:

Fito: sentimita 2.5 hadi 3.5. Hufungwa kwa kamba ukutani na kwenye paa.
Pau: 4 hadi 7.5. Ni miti ya paa.
Mazio: 8 hadi 11. Hutumiwa kwa kuta na kubebea paa.
Boriti: 11.5 hadi 13.5. Ndizo zibebazo dari.
Nguzo: 14 hadi 20. Husimamishwa.
Vigingi na banaa: kupita 20.

Miti hii huhesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Kwa hivyo mtu akikuambia "nipe korija mbili za pau", amekutajia unene, kazi na idadi kwa maneno machache. Hebu niambieni, ni lugha gani nyingine itakayosema hayo kwa ufupi hivyo? Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tusiyaachie maneno haya yapotee, manake neno likipotea, kipimo nacho hupotea.

Miti hii ndiyo iliyopanga hata nyumba za mababu. Tulipofundishwa kuhusu magofu ya Gede na nyumba za mawe za Lamu, tuliambiwa vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Sababu yake ni boriti. Upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti inayolala juu yake, kama mita tatu hivi. Boriti zetu zilisafiri pia kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, na nyumba za kale za huko ziliezekwa kwa mikoko ya Afrika Mashariki. Biashara hiyo ya nje Kenya iliipiga marufuku mwaka wa 1982.

3. HASARA YA KUTOJUA

Kenya ina zaidi ya hekta 61,000 za mikoko. Nyingi ziko Lamu, na Kilifi yetu ina zaidi ya hekta 8,500. Kuna aina tisa za miti hiyo. Sasa fikiria wakataji wote wakitaka boriti iliyonyooka tu. Wataingia msituni, watachagua mizuri, na kuiacha iliyopinda. Mwaka ujao watafanya vivyo hivyo. Ile iliyopinda ndiyo inayobaki kuangusha mbegu. Ukitazama kwa mbali utasema msitu upo, ni kijani kibichi, kumbe ndani hamna mti wa kujengea. Watafiti waliopima mikoko ya Mida, karibu na Watamu, walikuta jambo hilohilo: miti ipo, lakini mingi imepinda.

Huku kwetu, kutoka Gongoni hadi Marereni, kuna na mashamba ya chumvi. Mwaka wa 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi wake wa hadhara juu ya viwanda vya chumvi vya Magarini, na kuharibiwa kwa mikoko kulikuwa miongoni mwa malalamiko ya wananchi. Jambo hili ni zito, kwani mikoko ni malezi ya kamba, kaa na samaki wadogo, na ni ukuta unaozuia mawimbi yasile pwani. Mvuvi wa Ngomeni hahitaji kitabu kumwambia hayo.

4. TUPATE WAPI?

Mtu atauliza, "Je, mnyonge ajenge kwa nini?" Swali hili ni la haki. Jibu liko katika sehemu ya kwanza na ya pili ya somo hili: peleka kila mti kwenye kazi yake. Paa la kawaida halihitaji mkoko. Mvinje wa shambani utabeba makuti au mabati bila taabu, maadamu haugusi mchanga. Ukitaka kuusimamisha kama nguzo, uweke juu ya msingi wa saruji. Wengine hupaka oili chafu, lakini saruji ni bora. Kabati halihitaji mti wa msituni, kwani mwembe na mwarobaini uliokauka vizuri hutosha. Wachongaji wa Malindi na Mombasa walitegemea sana mhuhu na mpingo zamani. Miti hiyo ilipoadimika wengi waligeukia mwarobaini, ambao hukua upesi na umejaa mabomani, na kazi zao zinaendelea kununuliwa.

Unaponunua, uliza maswali manne. Mti huu ni gani? Umetoka msitu upi au shamba la nani? Kibali cha kuukata na kuusafirisha kiko wapi? Je, hakuna mti wa kupandwa utakaofanya kazi hiyohiyo? Sheria ya misitu ya mwaka wa 2016 imeipa Huduma ya Misitu ya Kenya kazi ya kusimamia misitu ya umma, mikoko ikiwemo, na imeruhusu wananchi kuunda jumuiya za kushirikiana nayo. Muuzaji anayekwepa swali la tatu, mwachie mti wake, hata kama bei ni nzuri. Bei hiyo ni nzuri kwa sababu kuna mwingine anayeilipa.

Kuna pia njia ya kufaidi mti ukiwa umesimama. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja mwaka wa 2013. Wanatunza hekta 117 za mikoko na kulipwa kwa hewa chafu ambayo msitu huo unainyonya, na pesa hizo zimesaidia maji na shule.

Wenzangu, fundi ndiye anayemwambia mwenye nyumba anunue miti gani. Akisema "lete boriti" mahali ambapo pau ingetosha, ameumaliza msitu kwa ulimi kabla ya shoka kuinuliwa. Akijua kazi yake, mwenye nyumba ataokoa pesa na Ngomeni itabaki na mikoko yake. Tujifunze mapema, kwani samaki hukunjwa angali mbichi.

ZOEZI

1. Kipande cha mvinje kibichi kina gramu 84. Kikikaushwa kinabaki gramu 60. Tafuta asilimia ya maji.
2. Mwalimu anahitaji korija 3 za fito na korija 1 ya mazio. Ni miti mingapi kwa jumla?
3. Eleza kwa nini msitu unaweza kuonekana mzima ilhali umekwisha.
4. Uliza wazee wa kwenu majina ya miti mitano ya kujengea, na kazi ya kila mmoja. Yaandike kabla hayajasahauliwa.

(Majibu: 1. asilimia 40. 2. miti 80. La tatu na la nne tutajadiliana chamani.)