Dondoo muhimu: Karakana ya mabati uani

Ukijenga karakana ya mabati uani, weka fedha chini kabla ya kuziweka juu. Fundi atakwambia banda la bati ni jepesi, halihitaji msingi wa maana. Wepesi huo ndio sababu ya kuuhitaji: nyumba ya tofali hukaa kwa uzito wake, lakini banda huweza kung'olewa na upepo, hasa mlango mkubwa ukiwa wazi na upepo ukaingia kusukuma paa kutoka ndani. Kwa hiyo kila nguzo ifungwe kwa bolti zilizozamishwa kwenye zege, na sakafu iinuliwe ili maji ya masika yasiingie.

Zege litakula fedha za bati, kweli. Ila bati hubanduliwa likabadilishwa. Msingi haumwagwi upya banda likiwa limesimama. Hata hivyo usikimbilie geji 30 (namba ikipanda, bati huwa jembamba). Geji 28 huvumilia zaidi. Pwani, kutu huanzia kwenye tundu la msumari na ukingo uliokatwa, basi tumia skrubu zenye raba na upake rangi ya kuzuia kutu kila ulipokata. Chini ya kofia ya paa acha mwanya wa kutolea joto, la sivyo saa nane mchana hakuna atakayefanya kazi humo.